Vioo Vifungwe Mpaka Nyumbani

Dada yangu alipoomba tumpeleke kwa mama, gari letu lilikuwa limeshazeeka. Mume wangu alilinunua miaka ya themanini kutoka kwa mhandisi wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao, na wakati ule majirani walikuja kuweka viganja mbele ya kiyoyozi, wakacheka kwa ule ubaridi. Kufikia miaka ya tisini kilikuwa kinapuliza hewa ya uvuguvugu tu. Tulikuwa tumezoea kuteremsha vioo, tukasahau kwamba kipo.

Ni dada aliyetukumbusha.

"Nitakubali kwenda," aliniambia, "lakini vioo vifungwe mpaka nyumbani. Na mning'inize leso madirishani. Sitaki watu wa Katito wanione."

Kwetu ni mbele kidogo ya Katito, na pale sokoni hakuna asiyemjua. Kwa miaka mingi alinunua samaki ufuoni Dunga asubuhi na mapema, akapanda basi na beseni lake, akaenda kuuza huko. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Sasa nilikuwa namwinua kitandani peke yangu. Ugonjwa wake tulijua ni upi. Hatukuutaja, hata sisi wawili tukiwa jikoni na mlango umefungwa.

Mume wangu alizunguka mjini akitafuta wa kutengeneza kiyoyozi. Mafundi wa magari walimcheka. Mwishowe akampata fundi wa friji aliyekubali kujaribu. Akaziba palipokuwa panavuja, akajaza gesi, lakini hakutudanganya.

"Kompresa imechoka, Mzee," alimwambia. "Gari ikikimbia, mtapata baridi kidogo. Ikisimama, hakuna kitu. Na mkiona injini inachemka, zima haraka."

Tukaondoka asubuhi. Dada alilala kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwangu, leso mbili zimebanwa kwenye vioo. Katika uwanda wa Kano barabara ilikuwa nyeupe, mume wangu akaongeza mwendo, na kweli, hewa baridi ikatufikia. Dada akainua mkono kuipokea.

"Shemeji, umenitendea mema," akasema. Mume wangu akaongeza mwendo tena. Niliona tu mabega yake.

Tukafika Katito siku ya soko. Kwa haraka ya kumwahisha, hakuna kati yetu aliyekumbuka ni siku gani. Ng'ombe walikuwa wamejaa barabarani, lori limekwama mbele yetu, na gari likasimama. Hewa ikaanza kuwa ya uvuguvugu, kisha ya moto. Mume wangu alikuwa anatazama mshale wa joto la injini ukipanda. Akazima kiyoyozi. Mshale haukushuka.

"Lazima nifungue hita," akasema kwa sauti ya chini. "Itoe joto la injini. La sivyo gari litakufa hapa hapa."

Akaifungua. Joto lote lile likamwagika ndani, vioo vimefungwa. Jasho la dada likalowesha gauni langu. Alikuwa anahema mdomo wazi, nami nikimpepea kwa pindo la leso yangu.

"Nyamera," nikamwambia, yaani dada yangu kwa lugha yetu, kama tulivyoitana tangu utotoni, "niteremshe kioo kidogo tu?"

Akafumba macho. Kisha akajikokota, akaketi, akashika kishikio cha kioo mwenyewe na kuanza kukizungusha. Leso ikaanguka.

Aliyekuwa karibu kabisa na dirisha letu alikuwa mama mmoja mwenye beseni la omena, wale dagaa wa ziwani. Nilimtambua mara moja. Alikuwa rafiki wa dada. Waliuza pamoja, wakagombana, wakapatana, wakalishiana watoto. Akainama, akatutazama, akaniona mimi na kutabasamu.

"Kumbe ni wewe! Mnampeleka mama yenu nyumbani?"

Dada yangu alikuwa bado hajafika miaka arobaini.

Dada ndiye aliyejibu, kwa kile kijisauti kilichokuwa kimebaki.

"Ndiyo. Wananipeleka nyumbani."

"Pole, Mama. Mungu akuponye." Yule rafiki akachota omena kwa viganja viwili, akazifunga kwenye gazeti, akampa. "Wakupikie mchuzi. Na yule dada yenu mkubwa," akaniuliza, "mbona siku hizi haji sokoni? Mwambieni namngoja."

"Tutamwambia," akasema dada.

Lori likaondoka. Mume wangu akatia gia, na upepo ukaingia dirishani. Hakuna aliyefunga kioo tena. Dada alishika lile furushi la omena kifuani mpaka tukaingia uani kwa mama, na njiani alisema jambo moja tu: "Amekonda pia, umeona? Biashara imekuwa ngumu."

Aliishi mpaka mvua zilipoanza. Siku ya mazishi yule rafiki alikuja na wanawake wa soko, akalia kwa sauti, akajitupa chini. Baadaye alinishika mkono kando ya jiko la matanga.

"Kwa nini hamkuniita?" akaniuliza. "Ningekuja kumwona angalau mara moja."

Nikamwambia kwamba dada alimtaja, na kwamba alikuwa na wasiwasi juu ya biashara yake. Akafuta macho kwa leso, akasema ndivyo alivyokuwa. Kisha akaniachia mkono, akainama kunisaidia kuteremsha sufuria ya chai.