Moshi wa Mataruma

Nilitoka Kongolo kwa sababu ya sauti ya dada yangu kwenye simu. Yaya Ngoie, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu, ni mjane wa fundi wa reli. Anakaa Kalemie na anaishi kwa kuoka mikate. Aliniambia amekonda, ana kiu isiyokatika, na kidonda cha mguuni kinakataa kupona. Kisha akashusha sauti akasema kwamba jirani yake, Mama Riziki, njo anamukula, yaani ndiye anayemla kwa uchawi. Maneno hayo yalinitisha kuliko kidonda chenyewe. Mwanamke akishaitwa mchawi, watu hawangoji ushahidi. Nikaomba ruhusa shuleni ninakofundisha, nikafunga mzigo.

Kabalo treni ilikwama ikingoja kipuri cha injini. Tulijilaza juu ya magunia ya muhogo, jua likituhama na kuturudia. Hakuna aliyelalamika. Watu wa njia hii wamechoka hata kulalamika.

Baada ya Nyunzu tulikwenda kwa mwendo wa mgonjwa. Mvua ilikuwa inanyesha, na mafundi walikuwa wanang'oa mataruma, zile mbao nene zinazolala chini ya reli. Mengi yalikuwa yameoza.

Kalemie niliingia asubuhi, ziwa likiwa la kijivu, mgongo wangu ukiuma. Nilimkuta Yaya amekaa mbele ya tanuri lake. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mtoto, na sasa nguo ilimpwaya mabegani. Tanuri lilikuwa linatoa moshi mweusi, mzito, wenye harufu ya lami. Alikuwa anachochea vipande vya mataruma mabovu. Yanashika moto haraka, alinieleza, na kuni za kawaida zinatoka mbali. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka. Yeye alikuwa ameshazoea.

Kesho yake tulipanda pikipiki mpaka hospitali. Daktari, mwanamke kijana mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha, alimtoboa kidole na kupima damu. Sukari ilikuwa juu sana.

"Sukari njo ugonjwa ya watu wanene, Dokta," Yaya alisema. "Mimi niko mifupa tu."

Daktari alimjibu kwa upole kwamba hata wembamba huupata. Aliuliza habari za ukoo, chakula na kazi. Yaya hakuficha kitu. Alimtaja hata jirani. Alipofika kwenye kuni za tanuri, daktari aliacha kuandika. Alitueleza kwamba mbao za reli hulowekwa katika mafuta meusi ya kuzuia mchwa. Zikiungua, sumu hupanda na moshi, nasi tunaivuta mpaka inaingia kwenye damu. Huko inaweza kuvuruga ini na namna mwili unavyotumia sukari, mbali na kuumiza mapafu na moyo, na hata kuleta saratani.

"Basi ni moshi ulionipa hii?"

"Siwezi kuapa, Mama. Baba yenu alikuwa nayo, na umri nao upo. Moshi unaongeza hatari, lakini sehemu yake siwezi kuipima. Jirani yako hayumo kabisa."

Walisafisha kidonda, wakampa dawa. Tulipofika Yaya aliniuliza atakula nini tanuri likizimika. Hata hivyo jioni tulitupa mataruma yote nje ya uzio, tukatafuta kuni za msituni.

Asubuhi iliyofuata nilisikia harufu ile ile. Tanuri letu lilikuwa baridi. Moshi ulikuwa unatoka jikoni kwa Mama Riziki, ameokota tulichotupa. Yaya, ambaye tangu nifike hakuwa amemsalimia hata mara moja, alishika fimbo akavuka njia akiburuta mguu. Nikamfuata.

Mama Riziki alitoka, akabaki ameshika mlango. Maneno ya mtaani yalikuwa yameshamfikia.

"Zima huo moto, Mama Riziki," Yaya alisema. "Nilikusema vibaya. Hizi kuni njo zinatukula sisi wote."

Mama Riziki aliingia ndani akamwaga ndoo ya maji, mvuke ukajaa mlangoni. Kisha akauliza, bila kututazama, ataivisha maharagwe kwa kuni gani sasa. Yaya akamwambia alete sufuria kwetu.

Niliondoka kidonda kikiwa bado wazi. Daktari hakuahidi kuviokoa vidole vya mguu huo. Safarini nilikuwa na muda mwingi wa kufikiri, maana treni ilikwama tena. Nilichojifunza ni kidogo: ugonjwa una milango mingi, na mmojawapo tunaufungua wenyewe kila asubuhi tunapowasha moto, halafu tunamtafuta mchawi.

Kongolo nilishuka miguu imevimba, nikitamani kitanda tu. Pembeni mwa stesheni wanawake wawili walikuwa wanapasua taruma bovu kwa shoka, wagawane kuni. Niliweka mzigo wangu chini, nikawaendea.