Alizeti Pori Kwenye Keria

Kiangazi kile moto ulipita huku Kabungu ukalamba majani yote, ukaacha kitu kimoja tu kibichi: alizeti pori. Hilo gugu hakulipanda mtu, na limejaa mashambani mpaka watu wanalilaani. Nikasema basi, mbuzi wetu atakula hilohilo.

Mbuzi mwenyewe ni wa mama. Alizaa mapacha, maziwa hayatoki. Mama akaniambia, "Baba, vitoto vikifa, mama yao naye atakonda bure. Mwenye bucha akipita nampa." Alisema huku anaangalia pembeni. Mbuzi tuliyebaki naye ni huyo tu.

Nikawa naamka, napiga pedali mpaka bondeni, nakata, nafunga kwenye keria ya baiskeli, narudi mgongo hauna mwenyewe. Na watu wa njiani nao hawakuachi.

"We kijana, maua yote hayo, unaoa leo?"

"Naoa. Bibi harusi ana ndevu."

Nikifika namtupia chini. Ananusa, anapiga chafya, anayakanyaga, halafu anayakojolea. Kila siku. Tena ananiangalia kama mimi ndiye niliyekojoa.

"Machungu hayo," mama akasema.

"Mama, mbona mlenda wako usio na chumvi tunakula?"

"Hebu ondoka hapa."

Siku moja nilichoka mpaka uchovu wenyewe ukachoka. Nikaegemeza baiskeli ukutani, mzigo juu, kamba hata sijafungua, nikalala kivulini palepale. Jua likaupiga ule mzigo mpaka majani yakalegea kama mimi. Nikaamshwa na kelele za kutafuna. Mbuzi kasimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele kaiweka kwenye siti, anavuta majani kwenye keria kama anaiba.

Mama akatoka na mwiko mkononi. "Usimguse!" akaninong'oneza. Nimguse na nini? Hata kuinuka nilikuwa siwezi.

Kumbe bibi harusi anataka yanyauke kwanza, tena awekewe juu. Ya chini kwake ni ya kukanyaga. Tukamwachia baiskeli hivyohivyo kila siku, kiwele kikaanza kujaa. Mwenye bucha alipopita, vitoto vinanyonya, vimikia vinacheza. Mama akamwambia, "We nenda tu, kaka."

Nikajua sasa napumzika.

"Baba," mama akasema, "kesho uwahi, yapate jua la kutosha."

Siku hizi siti haipo, mbuzi kaitafuna yote. Naenda bondeni nimekalia chuma.