Karani Hakutuletea Mafua

Sijamwambia mtu yeyote: mafua ya nyumbani kwetu niliyaleta mimi kutoka shuleni.

Nyinyi ninaowaandikia, mliokohoa nami bwenini, mnajua.

Nilipofika hapa nyumbani Tuwan, Mama alinitenga chumbani, na bakuli langu mwenyewe, nisiambukize mtu. Lakini nilimficha paka wetu, Karani, ndani ya blanketi. Uji nilioubakisha aliulamba yeye.

Siku ya tatu akaanza kupiga chafya. Akarudi kulala miguuni pa Kukhu, nyanya yangu, kama kawaida yake. Kukhu naye akashikwa na homa.

Leo Baba akasema, “Si mlimsikia akipiga chafya kabla ya Kukhu kuugua? Hii ugonjwa ni ya paka, bana.”

 

Akamtia Karani guniani asione njia ya kurudi, ampeleke mbali huko Ndalu kwa baiskeli. Mimi ndiye niliyeshika gunia akifunga kamba. Karani alipiga chafya humo ndani.

Jioni hii Kukhu ameniuliza, “Karani ako wapi, mjukuu wangu? Miguu yangu iko baridi.”

Nyinyi mngemwambia ukweli?

Nasikia Baba akiegemeza baiskeli ukutani. Kila nikisikia hatua, mimi huuficha ukurasa huu chini ya mto.

Sasa viatu vyake viko mlangoni. Safari hii nimeuacha ukurasa mezani.