Ng'ombe wa Darasa la Kwanza

Shule zilipofungwa na masomo yakahamia kwenye simu, mchora mabango aligundua kwamba alizaliwa kuwa mwalimu. Ukoo wake una mkono wa kuchora, alimwambia mkewe, na binti yake hawezi kuuaibisha.

Binti, Kidoti, alikuwa na mkono wa miaka sita. Mwalimu wake wa shule alikwisha kutangaza kwenye kundi la wazazi: mtoto atakayefanyiwa kazi na mzazi atarudia darasa la kwanza. Wazazi wote wakajibu, "Ahsante mwalimu," kisha kila mmoja akatafuta penseli.

Kazi ya wiki ile ilikuwa kuchora mnyama wa kufugwa.

"Hiki nini, mama?" baba akamuuliza Kidoti.

"Ng'ombe."

"Huyu? Huyu kiazi! Lete nikunyooshee mkia tu."

Kunyoosha kukaanzia mkiani, kukaishia puani. Ng'ombe akapata misuli, kivuli, na jicho linalong'aa kama la bwana harusi. Kidoti alikwisha kuchoka kutazama, akatoka nje.

"Baba Kidoti, hiyo ni kazi ya mtoto," mkewe akasema, akikunja nguo.

"Mkono uko kwenye damu, mke wangu."

"Damu yenyewe iko uani inaruka kamba."

Picha ikatumwa kundini. Pongezi zikamiminika. Baba akajibu kwa unyenyekevu wa jogoo anayedhani ndiye aliyeliamsha jua: "Ni juhudi zake mwenyewe."

Kesho yake, kwenye kipindi cha video, wazazi wote wakisikiliza, mwalimu akasema, "Kidoti, mwanangu, hebu tusomee yale maandishi madogo hapo kwenye kona."

Kidoti akainua karatasi, akasoma kwa fahari, silabi moja moja: "Ma-ba-ngo ya a-i-na zo-te. Bei na-fu-u. Pi-ga si-mu..."

Mkono wa baba uliozoea kutia tangazo kwenye kila ukuta ulikuwa haujaomba ruhusa.

"Namba aimalizie," mzazi mmoja akadakia, "nina duka linataka bango!"

Kicheko kikapasuka. Baba akakohoa. "Mwalimu, mimi nilinyoosha mkia tu."

"Basi achore mwingine sasa hivi, tukimwona. Asipochora mwenyewe, tutabaki naye darasa la kwanza."

Kidoti akatoa ulimi nje, akainamia karatasi. Baba akasimama nyuma yake, jasho likimtoka. Mkewe akamkamata kiwiko kama anayemzuia mlevi asiingie barabarani. Akazaliwa mbuzi: kichwa kikubwa kuliko tumbo, meno nje, pembe moja ikielekea mashariki, nyingine haijaamua.

"Anacheka nini huyo?" mwalimu akauliza.

"Amekata kamba," Kidoti akajibu.

"Vizuri sana. Huyo ni wako kabisa. Tutaonana darasa la pili."

Wazazi wakapiga makofi. Baba naye akapiga, mara mbili hivi, kisha kidole chake kikaanza kunyemelea ile pembe isiyoamua.

"Baba," Kidoti akasema, kundi zima likisikia, "usiguse."