Makaa ya Chetezo

Kuni za mathenge, ule mti wa miiba unaovamia kila mahali, zikianza kuungua ndani ya pipa hutoa moshi mzito wenye harufu ya siki, kama maji ya maharagwe yaliyosahauliwa sufuriani. Harufu hiyo ilikaa kwenye nywele zangu, kwenye sare ya shule na hata kwenye blanketi, wala sikuona ubaya wake. Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi Kiwanjani, hapa Isiolo. Mama aliuza mboga sokoni mchana kutwa, na Baba alikuwa mwashi aliyeshuka kutoka Meru kutafuta kazi akabaki moja kwa moja. Kiangazi kile hakuna aliyekuwa akijenga. Baba akakata mathenge yote iliyokuwa imevamia ua wetu, akakata matawi vipande vinene kama mkono wangu, akaviacha juani wiki tatu. Kisha akatoboa matundu chini ya pipa kuukuu, akaliinua juu ya mawe, akatangaza kwamba tutachoma makaa yetu wenyewe, tena makaa mazuri.

Alikuwa na masharti yake. Vipande viwe na unene mmoja, visimame wima na kubanana kama watoto kwenye mstari wa uji. Moto uwashwe juu, ushuke polepole. Mwanzoni moshi huwa mweupe, kwa sababu maji yanatoka kwenye mti. Ukigeuka kuwa mwembamba na wa buluu, hapo mti umekwisha kuwa makaa, na lazima uzibe pipa juu na chini kwa udongo mbichi papo hapo. Ukiziba mapema unapata vijiti vya kahawia vinavyofuka. Ukichelewa unapata majivu. Shida ni kwamba chokaa ilikuwa imemharibu Baba macho. Aliona watu na milango, lakini moshi mweupe na wa buluu kwake ulikuwa mmoja. Kwa hiyo kazi ya kuutazama moshi ilikuwa yangu. Nilikaa juu ya debe lililopinduliwa, nikajiona mtu mkubwa sana.

Jirani yetu alikuwa Mama Halima, Mborana mwenye sauti ya kufika barabarani. Alimtania Baba kila alipopita, akimwita kwa jina langu. "Baba Kendi, nyinyi watu wa milima mnajua miraa tu. Makaa hii yako ni ya kuchoma mahindi!" Baba alicheka, lakini nilijua ilimchoma. Halima alikuwa karibu kuolewa, na mama yake alihitaji makaa ya chetezo, kile chombo cha udongo cha kufukizia ubani. Nguo za bibi harusi hutandazwa juu ya moshi wa ubani, na kaa likiwa na kijiti kibichi ndani, nguo zote hunuka moshi wa jikoni. Baba akamwahidi nusu gunia. "Lete," akasema Mama Halima. "Mimi nitanusa. Ikinuka, unarudi nayo mbele ya wageni."

Siku ya kuchoma, moshi ulikuwa bado mweupe kabisa niliposikia watoto wakipiga kelele njiani. Lori lilikuwa limefika kutoka Merti na ngamia wa harusi. Nilivumilia kidogo. Kisha nikamwita Baba, nikamwambia moshi umegeuka.

"Una hakika?"

"Buluu kabisa, Baba."

Hakuuliza tena. Aliziba pipa kwa udongo, akapapasa ukingo wote kwa vidole kuhakikisha hakuna pengo, na mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha fika kwenye lori.

Kesho yake, pipa lilipopoa, Baba alilifungua akachukua vipande viwili, akavigonganisha karibu na sikio. Kaa lililoiva hulia kama kigae. Haya yalitoa mlio wa ubao. Akajaribu mengine, na mengine. Akakaa chini. "Labda kuni hazikukauka," akasema. "Au ni mimi tu. Mama Halima alisema kweli, kazi hii siijui. Nitakwenda nimwambie atafute makaa kwingine." Harusi ilikuwa imebaki siku moja. Sijasahau jinsi alivyokuwa akipangusa mikono kwenye suruali, taratibu, kama mtu aliyefukuzwa kazi. Nikamwambia moshi ulikuwa mweupe, nami niliuona, nilitaka tu kwenda kutazama ngamia.

Baba alichukua kipande kingine, akakigeuzageuza mkononi.

"Huyo ngamia alikuwaje?"

"Mkubwa. Alimtemea dereva mate."

"Usoni?"

"Usoni, Baba, na mdomo wa dereva ulikuwa wazi."

Alianza kucheka taratibu, kisha akacheka hadi akashika ubavu. Alipomaliza uso wake ukawa wa kazi tena. "Sasa keti. Tutagonga kaa moja moja mpaka pipa liishe." Alasiri yote tulikaa chini, magoti yakigusana. Mimi nilitoa, yeye alisikiliza. Yaliyolia vizuri, mengi yakiwa ya juu ambako moto ulianzia, aliyaweka kando. Mengine yalirudi kwenye lundo la kuni. Kati ya kaa na kaa alinisimulia jinsi yeye mwenyewe, akiwa kijana, alivyojenga ukuta ukaanguka kabla hajalipwa. Kutoka pipa zima tulipata makaa ya kujaza mkebe mmoja tu wa samli.

Tuliupeleka pamoja. Mama Halima alitazama mkebe, akatazama nyuma yetu. "Gunia liko wapi?"

"Mwambie," Baba akaniambia.

Nikamwambia, macho yangu yakiwa kwenye miguu yake. Alitia kaa moja moto, akaliweka kwenye chetezo bila ubani, akainama akanusa, akanusa tena. "Haina kitu," akasema. "Wallahi, haina harufu yoyote. Mtu wa milima amejua kazi!" Akanigeukia. "Na wewe, usijali. Ngamia alipofika mimi nilikimbia na wali ukaungua. Chetezo haili gunia, mkebe unatosha."

Baba alifariki mwaka huu. Watu wamenifariji kwa maneno mengi mazuri, nami nimewashukuru, lakini ninachokumbuka zaidi ni ile alasiri ya kukaa chini tukichafuka. Mathenge imerudi kwenye ua, nene kuliko zamani, na sijaikata. Jikoni kwangu kuna gesi. Nageuza kitufe, chai inachemka, mikono inabaki safi, na sitasema uongo kwamba natamani kurudia moshi. Lakini juzi mwanangu alinidanganya kwamba amemaliza kazi ya shule, akaenda kucheza mpira. Aliporudi akakiri mwenyewe, bila kuulizwa. Nilisimama pale jikoni nikitafuta kazi ya kumpa, kazi ndefu ambayo ingetulazimu kukaa chini pamoja mpaka jua lizame, na katika nyumba nzima sikuipata.