Goli la Hawa

Sponji ya godoro ikilowa jasho la watoto kumi kwa wiki kadhaa hutoa harufu ambayo sijaikuta penginepo, uchachu kidogo, vumbi kidogo, na kwa mbali kitu kama maziwa yaliyolala. Ndiyo harufu ya bwalo la kambi ya polisi nilikokulia hapa Kampala, ambako adhana ya msikiti wa Kibuli ilitufikia hata mvua ikipiga mabati. Msimu ule wa mvua uwanja wetu uligeuka tope tupu, tukawa tunafukuzana vibarazani mpaka akina mama wakatuchoka. Afande Opio, jirani yetu aliyefundisha makuruta mazoezi ya viungo, akatuonea huruma, au pengine aliwaonea huruma akina mama. Alikata mabomba ya plastiki, akayavika sponji ya godoro kuukuu, akashonea kitambaa juu yake, akatufundisha, humo bwaloni, mchezo wa kusukuma mpira kwa fimbo hizo, watano kwa watano, mpira nao wa sponji, na madumu mawili ya maji kila upande ndiyo goli. Fimbo zile tuliziita virungu, maana baba zetu walikuwa na vya kweli viunoni. Vyetu ungempiga navyo mtoto aliyelala na asizinduke.

Kwa sababu hiyo tu Mama alimruhusu mdogo wangu Hawa kucheza. Hawa alikuwa na miaka tisa, mimi kumi na miwili. Alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu ambao kambini kila mtu aliuita sikoseli. Maumivu ya mifupa yalimlaza hospitali mara kwa mara, na katika michezo yetu yote kazi yake ilikuwa kutushikia viatu. Mama alikibonyeza kirungu, akajipiga nacho pajani mara mbili, kisha akanitazama. "Wewe ndiyo nachunga yeye," aliniambia kwa Kiswahili chetu cha kambini. "Maji anywe. Akichoka, leta yeye nyumbani. Umesikia?" Nilisikia, tena nilisikia kupita kiasi.

Kesho yake niliwakusanya wenzangu nyuma ya bwalo nikatoa amri: Hawa asinyang'anywe mpira, na kipa achelewe kuanguka. Tulikuwa watoto wa watu wanaoishi kwa amri, kwa hiyo hakuna aliyeuliza sababu. Basi Hawa akafunga. Alifunga mawili, matatu, kila alasiri, na wakati wa chakula alimsimulia Baba moja baada ya jingine huku wali ukipoa. Baba alimwita mshambuliaji wake. Mimi nilikaa pale nikijiona mtu mwema kweli kweli. Nikiikumbuka furaha yangu ile, naona haya.

Baba wa Akello alipohamishiwa kambini kwetu kutoka Gulu, binti yake aliingia mchezoni na hakuna aliyekumbuka kumweleza. Akello alimwendea Hawa, akampokonya mpira kwa ustadi, akaondoka nao. Watoto wote wakapiga kelele. "Wacha mpira ya Hawa! Banange, si tulisema hapana nyang'anya yeye?" Hawa alitutazama mmoja mmoja, akaishia kwangu. "Goli zangu yote?" aliuliza. Niligeuka nikaanza kupanga upya madumu ya goli, na hilo lilimtosha.

Siku nne hakunisemesha, ingawa tulilala kitanda kimoja. Siku ya tano alirudi bwaloni, akasema mbele ya Afande Opio kwamba yeyote atakayemhurumia tena, hatacheza naye maisha. Tangu hapo alicheza mchezo wa kweli, na alicheza vibaya. Alinyang'anywa, akakaa chini kuvuta pumzi, akanywa maji, akainuka. Alikuwa anatafuta goli moja tu. Mimi niliwekwa kipa wa upande wa pili, na wiki zikapita nikimzuia huku nafsi yangu yote ikitamani apate.

Mvua zilipokuwa zinakwisha, alasiri moja Hawa alitazama dumu la kushoto, akapiga kulia. Nilijirusha kwa mwili mzima. Mpira uliziparaza ncha za vidole vyangu ukapita, nami nikachubuka kiwiko kwenye saruji. Bwalo lililipuka kwa shangwe. Hawa hakushangilia. Alikuja akasimama juu yangu.

"Dada, umenipea?"

"Hapana, wallahi. Nilikuwa nadaka kabisa." Nikamwonyesha kiwiko, damu inatoka.

"Mtu anaweza anguka makusudi," alisema kwa upole. Akampa Akello kirungu chake, akaenda kunywa maji.

Nilimwapia tena nyumbani, na tena hospitalini, mwaka uliofuata, alipolazwa mara ya mwisho. Alinipapasa mkono kama vile mimi ndiye mgonjwa. "Sawa, Dada," alisema. Ilikuwa sawa ya kumnyamazisha mtu. Alifariki siku mbili baadaye.

Siku hizi watoto hupimwa sikoseli wangali wachanga, na zipo dawa ambazo sisi hatukuzisikia. Shuleni kwa binti yangu, huku Kansanga, wanacheza mchezo uleule ndani ya ukumbi wenye taa nyeupe, kwa fimbo za dukani zenye rangi za kupendeza zisizonuka chochote. Jioni ananiomba niwe kipa wake sebuleni. Simwachii hata goli moja, na mume wangu husema nina roho ngumu. Lakini binti yangu akifunga, hukimbia nyumba nzima akipiga mayowe, wala haniulizi kitu. Mimi hubaki pale sakafuni nikimsikiliza. Hawa alilifunga lile goli. Nilijitahidi kulizuia kwa nguvu zangu zote nikashindwa, na alikufa akidhani nilimpa.