Boti ya Mama Foleni

"Bibi, kwa nini siku ile hukuiita boti irudi?"

Binti wa mtunza stoo aliuliza hivyo akiwa bado mdogo, hajui hata kufunga kamba za viatu, amekaa juu ya gunia la unga miguu inaning'inia. Mama yake alimkata jicho. Bibi aliyeulizwa hakukasirika. Alichukua kopo kwenye rafu, akalirudisha pale pale alipolitoa, akasema, "Nenda kacheze, mama."

Kisiwa kizima kilimwita Mama Foleni. Yeye na mumewe, Mchungaji, walitumwa na kanisa lao la bara baada ya kimbunga kung'oa mapaa na kuharibu visima. Walikuja kwa muda tu. Wakazeekea huko huko. Mchungaji alihubiri, akafundisha, akataniana na kila mtu. Mkewe ndiye aliyejua mabati yamefika kwa nani na kijiji gani kimeishiwa dawa ya maji. Mbele ya stoo ya misaada alichora mstari wa chokaa, na ukitaka kitu unasimama hapo, uwe nani uwe nani.

"Mnalalamika nini?" Mchungaji aliwatania waliochoka kusimama. "Mimi hata chai nyumbani napanga foleni. Na niko peke yangu!"

"Na bado unachomekea," mkewe alijibu kutoka ndani. Watu wakavunjika mbavu.

Boti ya misheni ilikuwa moja tu. Iliwahi kugeuzwa safarini kumfuata mkubwa mmoja aliyeumwa jino, na kijiji cha upande wa pili, kilichoshikwa na ugonjwa wa kuhara, kikasubiri dawa mpaka watoto wakazikwa. Mama Foleni alikwenda kwenye mazishi yale. Aliporudi alitamka mbele ya watu wote: boti ikishaondoka, haigeuzwi kwa ajili ya mtu mmoja. Watu waliitikia kwa kauli moja. Nani angekataa?

Halafu ikaja siku ya fundi seremala. Mkewe alishikwa na uchungu kabla ya wakati, boti iko njiani na dawa. Fundi alifika stoo mbio, vumbi la mbao limemganda shingoni.

"Mama, nakushika miguu. Ipigie redio irudi."

"Fundi, kuna vijiji vinasubiri."

"Ni mke wangu, mama."

"Najua, mwanangu. Najua."

Hakupiga. Alikwenda na mkunga, akakaa chini kwenye mkeka, akaushika mkono wa mama yule mpaka ukapoa. Mtoto naye hakukaa.

Fundi hakumtukana. Alirudi kwenye mstari kama wengine, akapokea unga wake, akasema asante. Hiyo asante, mtunza stoo alimsimulia bintiye baadaye, ndiyo iliyommaliza Mama Foleni. Kila akiisikia sauti ya fundi, aliingia ndani kutafuta kitu ambacho hakikupotea.

Haukupita muda mrefu, tumbo likamkamata Mchungaji. Nesi wa zahanati alimpapasa, akatikisa kichwa: huyu ni wa kupasuliwa, tena leo, hospitali ya bara. Boti ilikuwa imeondoka asubuhi ile ile na shehena ya dawa, bado redio inaifikia. Majirani wakajaa uani. Fundi naye akaja, kwapani amebeba ubao mpana aliouranda haraka haraka, wa kumbebea mgonjwa hadi gatini.

Mama Foleni aliingia chumba cha redio. Akatoka. Aliketi kando ya kitanda.

"Zamu yangu imefika?" Mchungaji alimuuliza, akijaribu kutabasamu.

"Bado. Tulia."

Boti iliporudi kwa ratiba yake, ilikuta kaburi limeshafukiwa.

Tangu hapo kisiwa kikagawanyika. Wengine walisema mwanamke yule ana moyo wa jiwe, mume anakufa na yeye anashika sheria. Wengine walimfanya mtakatifu. Yeye aliendelea kuchora mstari wake wa chokaa kila mvua ilipoufuta.

Mwaka huu kanisa limemwita arudi bara akapumzike. Binti wa mtunza stoo, ambaye sasa yuko kidato cha tatu, alikwenda kumsaidia kufunga mizigo. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, meza, na mashati ya Mchungaji yaliyopigwa pasi kana kwamba kesho ni ibada. Wakawa wanakunja nguo.

"Bibi, leo mwalimu amekutaja gwaridani," binti alisema, akidhani anampa zawadi ya kuondokea. "Amesema tukuige. Kwamba ulimtoa hata mumeo ili wengine wapone, hata redio hukuigusa."

Mama Foleni aliliweka shati mapajani. Alilinyoosha kola kwa kidole, muda mrefu, mpaka binti akajuta kufungua mdomo.

"Niliita," alisema. "Nahodha akapokea. Akaniuliza, 'Mama, nani anaumwa?' Nikageuka, nikamwona fundi amesimama kizingitini na ubao wake, anasubiri nimwambie wambebe. Ananitazama tu. Nikamwambia nahodha, 'Hakuna mgonjwa. Nilikuwa najaribu redio.'"